Siku ya Mfereji wa Panama: mwongozo kamili wa kutazama ndege wa baharini ukiwa melini

Abiria wa meli ya kitalii inayovuka Mfereji wa Panama hugawanyika mafungu mawili. Wapo wanaokodolea zege na malango siku nzima, wasimwone ndege hata mmoja ila yule atakayewanyea kofia. Wapo pia walioning'iniza darubini shingoni tangu alfajiri, wakaorodhesha ndege thelathini, na jioni hawana habari walipandishwaje mita 26 juu ya usawa wa bahari na kushushwa tena. Nimewahi kuwa fungu la kwanza, kisha la pili, na mara zote mbili nilipitwa na nusu ya siku. Nilichelewa kung'amua kwamba mambo haya ni jambo moja. Ndege hukusanyika pale maji yanapofanya kazi: yanapokorogwa, yanapofunguliwa, chumvi inapokutana na maji matamu. Ukijua maji yanafanya nini saa ile, unajua uelekeze darubini wapi.

Mwongozo huu unafuata meli inayotoka Karibiani kwenda Pasifiki. Ukivuka kinyume chake, geuza mpangilio na ubadilishe pande za jua.

Kwanza: ijue safari unayoinunua

Soma ratiba vizuri kabla ya kulipa. Kuna safari za kuvuka mfereji wote, takriban kilomita 80, kutoka bahari moja hadi nyingine. Kuna nyingine zinazopanda ngazi za Gatun tu (ngazi hapa ni vyumba vya maji vyenye malango, vinavyopandisha na kushusha meli), zinaingia ziwani, kisha zinarudi Karibiani zilikotoka. Hizo za nusu zina raha yake, lakini hutauona upande wa Pasifiki, na kwa mtu wa ndege upande huo ndio mnofu wenyewe.

Uliza pia meli itapita njia ipi. Njia ya zamani ilifunguliwa rasmi tarehe 15 Agosti 1914, na vyumba vyake vina upana wa mita 33.5. Njia mpya ilifunguliwa tarehe 26 Juni 2016 kwa ajili ya meli kubwa zaidi, na vyumba vyake vina upana wa mita 55. Meli kubwa kabisa za kitalii hazina hiari, hupita njia mpya. Ukiweza kuchagua, chagua meli ndogo na njia ya zamani. Kule ukuta unaupita karibu kiasi kwamba meli yenye upana wa juu unaoruhusiwa hubakiwa na sentimita 60 hivi kila upande, na malango ni yale ya kufunguka kama milango miwili ya nyumba. Kwenye njia mpya lango huteleza kutoka ubavuni, na boti za kuvuta hufanya kazi ambayo njia ya zamani hufanywa na vichwa vya treni vya umeme.

Msimu nao una maana. Kiangazi cha Panama huanza katikati ya Desemba hadi Aprili. Pepo kali za kaskazini huvuka nchi hiyo nyembamba na kuyasukuma maji ya juu ya Ghuba ya Panama yatoke pwani, na maji ya chini, ya baridi na yenye rutuba, hupanda kuchukua nafasi. Samaki wadogo huongezeka, na ndege hawacheleweshi taarifa. Kwa hiyo Januari hadi Aprili ndio wakati wa ndege wa baharini. Oktoba na Novemba ni habari nyingine: mvua ni nyingi, lakini mwewe na tumbusi wanaohama kutoka Amerika Kaskazini hupita angani kwa mamia ya maelfu, kwa kuwa hawapendi kuvuka bahari pana na Panama ndiyo daraja lao la nchi kavu. Shakwe wa Franklin nao hupita wakati huo wakielekea pwani za Peru na Chile.

Pili: vifaa, na kosa la darubini

Darubini ya 8×42 inatosha na kuzidi. Usidanganyike na ya 10 wala 12. Meli hutikisika kwa injini hata bahari ikiwa shwari, na kila kinachokuza picha hukuza na mtikisiko. Kamera yenye lenzi ndefu ni hiari, ila daftari dogo na penseli ni lazima, kwa sababu wino na jasho havipatani. Ongeza kofia yenye kamba ya kidevuni, mafuta ya kuzuia jua, chupa ya maji, koti jepesi la mvua na viatu visivyoteleza kwenye sitaha yenye umande.

Sasa kosa. Asubuhi yangu ya kwanza mferejini nilitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na darubini mkononi, nikaingia kwenye joto na unyevu wa Panama, na lenzi zikafunikwa ukungu mara moja. Nikafuta kwa shati, ukungu ukarudi. Nikafuta tena, sasa nikawa nimepaka na mafuta ya jua. Wakati huo mwari walikuwa wanapita kwa mstari usawa wa kichwa changu. Dawa yake ni rahisi: iweke darubini, na kamera pia, nje ya kiyoyozi nusu saa kabla hujaihitaji, kwenye roshani au ndani ya mfuko uliofungwa, ipate joto polepole.

Kitabu cha ndege cha Panama au cha Karibiani kiwe nawe, au programu ya simu uliyoipakua mapema, maana mtandao wa melini si wa kutegemea. Majina ya Kiswahili ya ndege hawa hayatoshi. Tunao mwari, shakwe, membe, mnandi na mbizi, lakini wengine inabidi tuwaite kama wanavyoitwa na wenzetu: frigeti, bubi. Jina la kisayansi litakusaidia kutafuta kitabuni, basi nakili machache daftarini.

Tatu: siku ya kabla, Bahari ya Karibi

Usiichukulie siku hii kama ya kulala. Nenda omo, sehemu ya mbele kabisa inayoruhusiwa kwa abiria, saa 12 asubuhi, na uangalie maji yanayopasuliwa na meli. Samaki-mbawa huchomoka kutoka kwenye mawimbi ya omo wakikimbia meli, wanateleza juu ya maji kama vijiwe vilivyorushwa, na bubi wanalijua hilo. Hupanda upepo unaoinuka ubavuni mwa meli, wananing'inia bila jasho, shingo imeinamishwa, kisha wanashuka kama mshale. Kama upepo unavuma kutoka pembeni, anza upande wa joshini, kule unakotoka, maana ndiko upepo unakogonga meli na kuinuka. Demani, upande wa pili uliokingwa na upepo, utakaa vizuri na chai yako, lakini utaona wachache.

Bubi wa kahawia, Sula leucogaster, ndiye utakayemwona zaidi. Kahawia yake inakatika ghafla kifuani kama aliyevaa shati lililoishia pale, na chini yake ni nyeupe tupu. Bubi mweupe mwenye ukingo mweusi nyuma ya mbawa zote ni yule wa barakoa, Sula dactylatra. Vijana wao watakuchanganya. Andika "bubi kijana" na uendelee, hakuna atakayekushitaki.

Jifunze kuwatambua kwa mwendo kabla ya rangi, kwa kuwa kwa mbali na jua likikupiga usoni wote ni weusi. Mwari hupiga mbawa mara chache kisha huteleza, na wakiwa kundi kila mmoja humuiga wa mbele, kama wimbi linalopita kwenye mstari. Mnandi hupiga mbawa bila kupumzika, kama mwenye deni. Membe hurukaruka hewani, mdomo umeelekezwa chini. Frigeti hapigi kabisa: amejitundika angani, mbawa zimepinda kwenye viwiko, mkia kama mkasi.

Neno kuhusu kuelekezana. Watazamaji wa ndege melini hutumia uso wa saa: omo ni 12, kulia ni 3, nyuma ni 6, kushoto ni 9. Sisi tuna mtego wetu. Nilimwambia mwenzangu "bubi, saa tatu!" nikimaanisha kulia, naye akageukia kushoto, kwa sababu saa tatu ya Kiswahili mshale husimama kwenye 9. Tulimkosa bubi. Tangu siku ile nasema "kulia, mbele kidogo, juu ya maji", na hakuna anayepotea.

Nne: mpango wa pande na jua

Wengi hudhani ukitoka Atlantiki kwenda Pasifiki unaelekea magharibi. Ramani inasema vingine. Mfereji huenda kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na mdomo wa Pasifiki uko mashariki zaidi kuliko ule wa Karibiani. Kwa hiyo asubuhi jua litakuwa mbele kushoto, na alasiri nyuma kulia. Simama upande wa kulia asubuhi na wa kushoto baada ya adhuhuri, uwe na jua mgongoni na ndege wawe na rangi zao. Mpango huu una bahati nyingine: kilima cha Gold Hill, jengo la watazamaji la Miraflores (ngazi za mwisho upande wa Pasifiki) na jiji la Panama vyote viko kushoto, na utavifikia mchana.

Melini, baadhi ya manahodha hufungua sitaha ya mbele ya chini siku hii tu. Uliza mapokezi jana yake. Ikifunguliwa, nenda mapema, lakini ukishatosheka mpishe mwingine. Pale omo kuna watu wanaojua kujenga ukuta wa viwiko.

Tano: alfajiri, Colón na ngazi za Gatun

Kuwa nje saa 11 alfajiri, meli ikikaribia Colón, mji wa bandari wa upande wa Karibiani. Meli za mizigo zimetia nanga pande zote zikingoja zamu, taa zimewaka kama mji unaoelea. Boti ndogo huleta rubani wa mfereji. Hapa kuna jambo la pekee: katika bandari nyingi rubani humshauri nahodha, lakini hapa rubani wa mfereji ndiye anayeshika uongozi wa mwendo wa meli.

Kwenye kuta za kuzuia mawimbi, angalia mwari wa kahawia, Pelecanus occidentalis, waliokaa kama wazee barazani. Kukipambazuka, frigeti wa kwanza huinuka. Kisha unapita chini ya Daraja la Atlantiki, lililofunguliwa 2019, na mbele yako ngazi za Gatun zinapanda.

Kifungua kinywa kisikupoteze hapa. Gatun ina vyumba vitatu mfululizo, na kuvipanda huchukua karibu saa mbili. Kwenye njia ya zamani kwanza hutoka mashua ya makasia yenye watu wawili, huleta kamba nyembamba, na kamba hiyo ndiyo inayovuta nyaya nzito hadi kwenye vichwa vya treni vinavyoitwa "nyumbu". Nyumbu hawaivuti meli hasa. Kazi yao kubwa ni kuiweka katikati isikwaruze ukuta. Meli yenyewe inasukumwa na injini zake.

Chagua alama moja ukutani, kwa mfano mstari wa kuvu ya kijani au bolti yenye kutu, na uitazame hiyo tu. Hutasikia mtikisiko. Maji yanabubujika kutoka kwenye matundu ya sakafu ya chumba, hakuna pampu hata moja, ni mteremko wa maji ya ziwa lililoko juu. Bolti yako inashuka, inazama, na kabla ya dakika kumi kuisha mtu aliyekuwa akikutazama kutoka juu ya ukuta mko usawa mmoja, mnaweza kusalimiana bila kupaza sauti. Hapo ndipo nilipoelewa mfereji huu, si kwenye maelezo ya kipaza sauti.

Kila meli inayovuka kwa njia ya zamani humwaga baharini takriban mita za ujazo 200,000 za maji matamu ya ziwa. Ndiyo maana ukame wa 2023 uliwalazimu kupunguza idadi ya meli kwa siku. Njia mpya ina mabwawa ya pembeni yanayookoa asilimia 60 ya maji ya kila mvuko.

Sita: Ziwa Gatun

Hapa ndege wa baharini hupungua, na wengi hushuka kula. Nawe kula, ila chukua sahani yako nje.

Ziwa hili lilitengenezwa kwa kuzuia Mto Chagres, na visiwa unavyoviona ni vilele vya vilima vilivyozama. Kimojawapo, Barro Colorado, kimekuwa hifadhi ya utafiti tangu 1923. Vigogo vya miti iliyozama bado vimesimama ukingoni, na juu yake hukaa mnandi na mbizi wakianika mbawa. Mbizi ana shingo kama nyoka na mdomo kama sindano. Mnandi mdomo wake una ndoano. Mwewe mweusi-kijivu anayepepea taratibu juu ya majani ya ukingoni huenda ni mla-konokono, Rostrhamus sociabilis, ambaye mdomo wake mwembamba uliopinda umeumbwa kwa kuchokoa nyama ndani ya gamba. Mbayuwayu wa mikoko hufuata meli. Kwenye kingo zenye tope tazama magogo kwa makini, kwa kuwa gogo lenye macho ni mamba.

Frigeti wakati mwingine hufika hata huku, juu sana, wakivuka kutoka bahari moja kwenda nyingine kwa nguvu ya hewa ya moto tu. Kwao nchi hii nyembamba ni njia fupi, na hawalipi ushuru. Binadamu hulipa: mwaka 1928 mwandishi Mmarekani Richard Halliburton aliogelea mfereji mzima, wakampimia ushuru kwa uzito wake kama meli, senti 36.

Saba: Culebra

Baada ya Gamboa, ambako Chagres huingia, ziwa linakuwa korongo. Huu ndio mlima uliokatwa. Wafaransa chini ya Ferdinand de Lesseps walianza 1881 na wakashindwa, na vifo vya kipindi chao hukadiriwa kuwa zaidi ya 20,000, wengi kwa malaria na homa ya manjano. Wamarekani walichukua kazi 1904, na kwenye rekodi zao kuna vifo zaidi ya 5,600. Mikono iliyochimba ilikuwa kwa wingi ya watu weusi kutoka Barbados, Jamaika na visiwa jirani. Nafasi hii ni ya kuweka darubini chini kidogo.

Ukiinua tena, tafuta tumbusi wanaozunguka juu ya vilima, na kama ni Oktoba au Novemba, usiwapuuze. Mzunguko wa tumbusi ukiuchunguza vizuri huweza kuwa na mwewe wahamiaji mamia ndani yake.

Nane: Miraflores, penye karamu

Baada ya ngazi moja ya Pedro Miguel na kiziwa kidogo, unafika Miraflores kwenye vyumba viwili vya mwisho, mara nyingi kati ya saa 8 mchana na saa 10 alasiri. (Wa njia mpya hushuka ngazi tatu za Cocolí, jirani na hapo.) Malango ya chini ya Miraflores ndiyo marefu kuliko yote ya njia ya zamani, hufikia mita 25, kwa sababu Pasifiki ina kujaa na kupwa kukubwa. Wakati wa bamvua, tofauti hufika karibu mita 6, ilhali upande wa Karibiani haifiki hata nusu mita.

Simama omo, kushoto. Lango la mwisho linapofunguka, maji matamu ya chumba yanamwagikia chumvi, na samaki wa baharini waliokaribia sana hulegea na kupanda juu. Mwari wanalijua hilo kuliko ratiba ya meli. Huwa wamekwisha jipanga juu ya ukuta, wanangoja pengo la kwanza la lango, kisha mmoja anajitupa, mbawa zimekunjwa nyuma, mdomo mbele, anapiga maji kwa kishindo, anaibuka na mfuko wa kidevu uliofura kama kiriba. Anauinamisha, maji yanachuruzika, anameza. Shakwe wanaocheka, Leucophaeus atricilla, humkalia karibu, wengine hata kichwani, wakivizia kisamaki kitakachoponyoka.

Na juu yao frigeti. Frigeti wa kifahari, Fregata magnificens, ana mbawa zenye upana wa zaidi ya mita mbili na mwili wa kilo moja na nusu tu. Manyoya yake hayazuii maji vizuri, basi hathubutu kutua baharini. Hivyo hudokoa juu juu, au hunyang'anya. Niliwahi kumfuata jike, yule mwenye kifua cheupe, akimkimbiza membe wa kifalme mwenye samaki. Membe alikata kushoto, frigeti akakata. Membe akashuka hadi karibu na maji, frigeti akapita juu yake, akamng'ata mkia. Mara ya tatu membe aliachia. Samaki hakugusa maji: jike alijipindua, akamdaka hewani, akapanda bila kupiga ubawa. Yote ilichukua muda wa pumzi tatu. Jirani yangu alikuwa anapiga picha ya nyumbu.

Tisa: kutoka ghubani

Usishuke bado. Pita Daraja la Amerika, la mwaka 1962, kisha ukae kushoto. Barabara inayoungana na visiwa vidogo vya Amador ilijengwa kwa mawe yaliyotolewa Culebra, nao mnandi huijaza. Maji yakiwa yamekupwa, matope ya pwani ya jiji hufunikwa na ndege wa miguu mirefu, ingawa kwa umbali wa meli utawaona kama nukta tu.

Mbele zaidi ni kisiwa cha Taboga, ambako mwari wa kahawia hutaga. Jioni mistari yao huelekea huko, chini kabisa juu ya maji. Angalia pia bubi wa miguu ya buluu, Sula nebouxii, asiyepatikana Karibiani. Akiruka miguu ni vigumu kuiona, kwa hiyo tafuta kichwa chenye michirizi ya kijivu na kiraka cheupe mgongoni.

Giza likiingia, andika orodha yako kabla ya chakula, siyo baada. Saa, mahali, idadi ya kukisia, na alama ya kuuliza pale unaposhuku. Kisha funga mapazia ya chumba chako na uzime taa ya roshani, kwani ndege wadogo wa bahari kuu huvutwa na mwanga usiku na kujigonga melini. Asubuhi ukimkuta mmoja amelala sitahani, usimrushe hewani wala kumtia majini. Mwite mfanyakazi wa meli, mwekeni ndani ya sanduku la karatasi lenye taulo, penye giza na utulivu, na jioni taa zikishazimwa upande mmoja wa meli, mfungulieni upande huo ajiendee mwenyewe.